Firigisi ya Lenah

Kwetu Machakos kuku akichinjwa ni kuku tu. Anayewahi paja ndiye mwenye bahati. Lakini kwa Shiundu, jirani yangu wa ukuta mmoja hapa Mashimoni, kuku ana heshima zake kuliko harusi. Firigisi ni ya baba mwenye nyumba. Mwanamke haigusi, mtoto haitamani. Mimi miaka yote nimekula shingo na mabawa yao, nikanyamaza.

Kwa hiyo jioni ile ya kuamkia mtihani wa CPE, ule wa kumaliza shule ya msingi, Shiundu alipompa binti yake Lenah firigisi kwa mara ya kwanza, machozi yalinilengalenga.

"Kula, mama," alimwambia. "Kesho ni siku yako."

Lenah akala. Asubuhi, akiwa njiani kwenda shule, akaitapika yote nyuma ya kanisa. Akafeli. Akarudia darasa la saba, akachinjiwa kuku mwingine, akala firigisi nyingine, akatapika palepale. Akafeli tena.

Lenah si mjinga, na anayesema ni mjinga aje aniambie mimi. Ni ile karatasi tu. Akiiona, penseli inamponyoka. Alichotaka ni kwenda Kawangware kwa dada yangu Kanini, akajifunze kushona kwa cherehani. Mama yake, Nabwire, alijua. Baba yake alijua pia, ila alijifanya hasikii. Shiundu ni seremala aliyeachia masomo darasa la tatu, na alitaka mtoto amalizie pale yeye alipokwama.

Ikafika 1983. Tukaambiwa CPE ya mwaka huo ndiyo ya mwisho, kwamba sasa linakuja darasa la nane na mambo mapya. Shiundu akaona mlango unafungwa binti yake akiwa nje. Akachinja jogoo.

Niliitwa kama kawaida. Nabwire alipakua ugali, kisha akasema bila kuinua uso, "Baba Lenah, kesho huyu mtoto haendi."

"Anaenda."

"Mimi nimekataa hiyo mtihani. Mimi ndio huwa naosha hiyo uniform."

"Lakini ni ya mwisho, Mama Lenah! Ikipita imepita."

Nilikuwa na maneno mengi. Nikayaziba na tonge la ugali. Shiundu akachota firigisi kwenye mchuzi, akaiweka kwenye sahani ya Lenah.

Lenah aliitazama. Kisha akaiinua sahani kwa mikono miwili, vile anavyompa baba yake maji ya kunawa, akaisogeza mpaka mbele ya Shiundu.

"Hii ni yako, Baba. Mimi siwezi."

Hakulia. Niliyelia ni mimi, na sikualikwa kulia. Nilidhani Shiundu atapiga meza, ile meza aliyoiunda mwenyewe. Hakupiga. Aliitazama firigisi, na nilimwonea huruma, maana uso wake ulikuwa wa mtu anayezika kitu.

"Unaogopa?" akauliza.

"Naogopa, Baba. Kila mara."

Akachukua kisu, akaikata firigisi katikati. Nusu akatia mdomoni mwake, nusu akamrudishia Lenah kwenye sahani.

"Basi kula. Hii si ya mtihani."

"Ni ya nini sasa?" Nabwire akauliza.

"Ni ya Lenah."

Asubuhi watoto wa darasa la saba walipita mlangoni petu na penseli zao. Shiundu alitoka na Lenah, akapitia shuleni kumwambia mwalimu mkuu wasimsubiri, kisha wakashika njia ya Kawangware. Njia hiyo inapita nyuma ya kanisa, na safari hii Lenah hakusimama pale. Kanini aliniambia walifika salama, Lenah akaketi kwenye cherehani, na kitu cha kwanza alichoomba kilikuwa chai na mandazi.