Miguu ya Fundi Cherehani

Jumatatu asubuhi fundi cherehani alimwomba mdogo wake kandambili. Mdogo wake, mjane asiyekosa ibada, akachungulia chini ya blanketi.

"Kandambili za nini, dada? Miguu yenyewe imeshatoka."

"Imeaga?"

"Ile iage?"

Haikuwa mara ya kwanza. Wakati wa mvua iliondoka wiki kadhaa, ikarudi na tope, ikajipachika mahali pake bila hata samahani. Daktari alikwisha kuwaeleza: ugonjwa unaitwa maltipo sklerosisi, kinga ya mwili inatafuna ganda la mishipa ya fahamu kama panya anavyotafuna waya, na kila mgonjwa unamwendea kivyake. Wa fundi ulikuwa wa kwenda na kurudi. Wa mlinzi waliyekaa naye benchi moja kliniki haukuwa na utani: miguu yake ilimhama polepole, kidole baada ya kidole, na hakuna kilichorudi hata kusalimia. Na huo wa kwenda na kurudi, daktari alisema, kwa wengine baada ya miaka huchoka kurudi.

Mlinzi watu walimchangia kiti cha magurudumu, wakamlilia. Fundi walimletea maneno.

Msimamizi wa karakana alikuja mwenyewe, akasimama mlangoni.

"Fundi, unasema huwezi kusimama, na miguu yako imeonekana harusini inacheza."

"Ilikuwa miguu, bosi. Mimi nilikuwa hapa."

"Mgonjwa wa kweli haugui kwa zamu. Kesho nikikuta cherehani yako imelala, kiti nampa mwingine."

Fundi alikipenda kile kiti kuliko alivyompenda marehemu mumewe, na alikuwa akisema hivyo hadharani. Basi akamtuma mdogo wake. Mjane akaikuta miguu bado harusini, kwa watu wasiowajua, imetoka jasho.

"Hamna haya! Mwenzenu anafukuzwa kazi!"

Miguu ikasimama, ikafikiri, ikashika njia ya karakana.

Kesho yake msimamizi aliikuta juu ya kikanyagio, inakanyaga vizuri kuliko zamani. Akaitazama mpaka chai yake ikapoa. Kisha akamkalisha binti mgeni kitini ashike kitambaa, miguu iendelee chini yake.

"Kiti kimepata mtu," alimtumia fundi salamu. "Miguu inabaki. Haiongei, wala haiombi ruhusa ya kwenda kliniki."

"Mwambie ana akili za pasi," fundi akajibu. "Moto mtupu, kichwa hakuna."

Siku ya ibada msimamizi alisimama mbele, akatoa ushuhuda jinsi kazi ilivyomponya mwanamke mvivu. Miguu ilikuwa safu ya kwanza, imetulia. Waumini wakaitazama, wakamshukuru Mungu kwa sauti, wengine wakitoa machozi.

Mjane alitoka kabla ya amina. Nyumbani kulikuwa na mtu anasubiri kupelekwa chooni.