Siku Rupia Ilipogeuka

Ratri alikuwa anavaa viatu mlangoni simu ilipolia. Alikuwa Baba Mdogo Sarmin, mtengeneza tempe, vile vipande vya soya iliyochachushwa, wa Semanan, upande wa magharibi wa Jakarta, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha gombana na nusu ya mtaa kabla ya kunywa chai.

"Mwanangu, soya imepanda tena. Na mwenye ghala anasema kesho itapanda zaidi. Tempe yangu nimeipunguza unene mpaka wateja wananiuliza kama siku hizi nauza karatasi. Sasa wewe unayelala na dola huko benki kuu, hebu niambie. Ninunue lori zima leo, au ningoje?"

Ratri akafunga kamba za kiatu. Soya ya watengeneza tempe hutoka ng'ambo na hulipiwa kwa dola, kwa hiyo rupia ikianguka Jakarta, kikaango cha Semanan ndicho cha kwanza kuona njaa. Na rupia ilikuwa imeanguka msimu mzima. Watu walipanga foleni kwenye maduka ya kubadilisha fedha, wenye maduka wakapandisha bei za kesho leo hii, na kadiri walivyoogopa ndivyo rupia ilivyozidi kuteremka.

Tena alijua zaidi ya hapo. Ikiwa bodi ya benki kuu ingepandisha riba mchana ule, chumba chao cha masoko ya fedha kingeingia sokoni papo hapo na kuuza dola kwa nguvu zote ili rupia ipande. Meza ya dola alikuwa amekabidhiwa yeye.

"Baba Mdogo, siwezi kukwambia."

"Huwezi, au hujui?"

"Hata hilo siwezi kukwambia."

"Ala. Mimi niliyekubeba mabegani wakati wa mafuriko, leo unanifanyia siri za serikali." Akavuta pumzi. "Haya. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Kama kungekuwa na la kungoja, ungesema ngoja. Bangili za mama yako mdogo zinakwenda kuwekwa rehani sasa hivi."

"Sijasema ununue."

"Hujasema kitu, mwanangu. Hiyo ndiyo shida yako." Akakata.

Njia nzima simu ilimchoma mkononi. Neno moja tu, ngoja, lingetosha. Lakini neno lile likifika Semanan, kabla ya adhuhuri lingekuwa limefika kila duka la fedha mjini, na wale waliokuwa wakiichezea rupia wangejua wajifiche wapi. Mlangoni mwa chumba cha masoko palikuwa na sanduku la kuwekea simu. Akaitumbukiza yake, akaingia.

Mkuu wa chumba alikuwa Pak Tumpal, yaani Bwana Tumpal, mtu mnene wa kabila la Wabatak ambaye hata akikunong'oneza, jirani wa chumba cha pili hugeuka. Siku ile alikuwa ananong'ona.

"Walanguzi wamekopa rupia kwa bei ya karanga," alisema, akizunguka nyuma ya viti vyao. "Wananunulia dola, wanasubiri rupia ife, kisha wanauza dola kidogo tu, wanalipa deni na chenji wanatia mfukoni. Mchezo mtamu. Utakuwa mchungu siku rupia ya kukopa itakapokuwa ghali."

"Na wenye mikopo ya nyumba je?" akauliza Ratri. Yeye mwenyewe alikuwa nao.

"Wataumia. Mimi nitaumia, wewe utaumia. Ndiyo maana bodi imesita. Lakini bei zikiachwa zikimbie hivi, ataumia hata asiyekuwa na nyumba."

Saa nane mchana Gavana akatokea kwenye televisheni. Soko zima lilikuwa linangoja riba ipandishwe kidogo tu, kama mtu anayefinywa sikio, na wachezaji walikuwa wameshauweka mfinyo huo kwenye hesabu zao. Gavana akasoma kwa sauti ya upole. Riba imepanda, na imepanda mara tatu ya walivyotarajia.

Macho yote yakahamia kwenye skrini, na rupia haikutikisika. Halafu ikashuka. Ikashuka tena.

"Kuna mkubwa anauza rupia," alisema Ratri.

"Anatupima kama tuna mifupa." Pak Tumpal aliweka mkono kwenye mgongo wa kiti cha Ratri. "Mpigie yeye mwenyewe."

Ratri akabonyeza laini ya benki moja ya Singapore, ile iliyokuwa ikiuza. Aliitika kijana aliyemfahamu kwa sauti tu, mcheshi siku zote.

"Dada wa Jakarta. Umekuja kununua dola na wewe?"

"Nipe bei ya dola."

Akaitaja kwa madaha.

"Nauza."

"Kiasi gani?"

Ratri akataja. Kicheko upande wa pili kikakatika kama kimezibwa na kiganja. Kijana akazichukua dola zile, maana bei ameitaja mwenyewe.

"Nipe bei tena," alisema Ratri.

Safari hii bei ilikuwa ya chini. "Nauza." Akahamia laini nyingine, kisha nyingine, na kila alikopiga dola ilikuwa imerudi nyuma hatua. Chumba kizima sasa kilikuwa kinauza. Sauti zilipandana, mtu akamwaga kahawa juu ya meza na hakuna aliyeifuta. Mara laini zikaanza kulia zenyewe. Benki zilezile zilizokuwa zikiikimbia rupia asubuhi zilikuwa zinaitafuta, kwa sababu kukaa nayo sasa kulilipa, na kudaiwa kuliunguza.

Yule kijana wa Singapore naye akapiga. "Dada, una rupia ya kuniuzia?"

"Nipe bei," alisema Ratri. Kwenye skrini rupia ilipanda, ikapumzika, ikapanda. Pak Tumpal aliirudia sauti yake ya kawaida, na bila shaka barabara nzima ikamsikia. Ratri alicheka pamoja na wenzake, akapigana nao viganja. Ndipo alipozikumbuka bangili, na kicheko kikamwishia kinywani.

Bei ya soya haikushuka siku ile wala kesho yake, maana meli zina mwendo wake. Ilipoanza kushuka, ilishuka kweli. Majirani wa Baba Mdogo wakanunua kwa bei nafuu, wakaongeza unene wa tempe zao, naye ikambidi aongeze wa kwake kwa soya aliyoinunua ghali. Jumapili moja Ratri alikwenda Semanan. Alimkuta ameketi juu ya magunia yake, anafunga tempe kwa majani ya mgomba.

"Siku ile ulijua?" aliuliza bila kuinua macho.

"Nilijua tulichokusudia. Kama kitafaulu, sikujua. Ningekwambia ungoje, halafu rupia ianguke?"

"Ningekulaani."

"Na ingepanda?"

Mama Mdogo akadakia kutoka jikoni. "Angepanda msikitini kutangaza kwenye kipaza sauti. Unamjua au humjui?"

Baba Mdogo alitaka kununa, akashindwa. Mdomo ulimcheza, akainamia majani yake. "Lakini umenitia hasara, wewe mtoto."

"Najua. Bangili nitazikomboa mimi."

"Sitaki. Pesa yangu, ujinga wangu."

"Yeye hataki," alisema Mama Mdogo, akitoka na sahani ya tempe za moto na pilipili. "Mimi nataka. Bangili ni za nani?"

Baba Mdogo akasogea, akampisha Ratri nafasi juu ya gunia.