Moyo wa Shangazi Umechelewa

Shangazi yangu Pudensiana aliwekewa moyo wa mtu mwingine mwaka 1998, na moyo wenyewe nusura umkoseshe mume. Sikia ilivyokuwa.

Moyo wake wa kuzaliwa ulikuwa umetanuka na kuchoka. Kutoka nyumbani kwetu Mwamkulu, kijiji cha Mpanda, mpaka kisimani anapumzika mara nne. Miguu imevimba, viatu haviingii. Kulala chali hawezi, anasinzia ameegemea mito mitatu na gunia la mahindi. Sista Josephina, nesi wa misheni, akaandika barua huku na huku mpaka hospitali moja ya Afrika Kusini ikamjibu: mleteni, tutautoa huo tumwekee mwingine.

Nyumbani waliambiwa tu "anaenda kutibiwa moyo". Hayo ya kutoa na kuweka, Sista na shangazi waliyabana wao wawili. Bibi yake shangazi, Marselina, angeyasikia, angelala mlangoni mtu asitoke.

Sasa kulikuwa na Ngusa. Msukuma, mrefu kama nguzo ya simu, mpole, ng'ombe wake wanamfuata kama watoto. Mwaka mzima anaomba kumuoa shangazi, na shangazi anamwambia subiri nipone. Asubuhi ya safari bibi akamvuta shangazi pembeni.

"Ukirudi, ukimuona yule mrefu, sikiliza kifua. Moyo ukiruka, olewa. Ukitulia, muache, usimpotezee mtu muda. Mimi nilivyomuona babu yako nilidondosha mtungi!"

"Bibi, huu si unaruka hata nikiona kuku?"

"Ndo maana nimesema ukirudi!"

Kule alisubiri miezi mitano. Wakamng'oa meno mawili mabovu, eti yasije yakapeleka wadudu kwenye damu. Wakampima damu kila siku mpaka akawaambia, "Iliyobaki niachieni nauli." Akapewa kidude cha kuvaa kiunoni: kikilia, popote ulipo, kimbilia hospitali, moyo umepatikana. Kililia anasukwa nywele. Akaingia chumba cha upasuaji upande mmoja mistari, upande mmoja afro!

Alipozinduka alishika kifua. Du. Du. Du. Taratibu, kama mtu anayetwanga hana haraka. Akafurahi, halafu akalia, maana alijua kuna nyumba mahali wanazika. Hawakumwambia ni nani. Mpaka leo akiamka anamsalimia kwanza yeye: "Umeamkaje, mwenzangu?"

Wakamfundisha upya kutembea, korido kwanza, halafu ngazi. Dawa asubuhi na jioni, saa ileile, maisha yote. Nesi mmoja akamwambia, "Moyo huu mzito kuamka. Ukitaka kukimbia, tembea kwanza." Shangazi akacheka. Mwamkulu nani atamkimbiza?

Walipofika Dar, Sista, aliyekwenda kumchukua, akapiga redio kolu, ile simu ya upepo, ya misheni Mpanda: Pudensiana amebadilishwa moyo, anaendelea vizuri, anarudi na treni ya Jumanne. Redio inakoroma kama mlevi. Katekista Makarius akaandika alichosikia, akampa Ngusa kikaratasi akipeleke nyumbani kwetu: PUDENSIANA MOYO UMEBADILIKA. ANARUDI JUMANNE.

Siku hizi ungejibu meseji, "Unamaanisha nini?", yakaisha. Ngusa alikisoma mara tatu pale pale kwenye baiskeli. Mwanamke moyo umebadilika, kuna la kuuliza tena?

Jumanne treni ya saa tatu asubuhi ikaingia stesheni saa nane mchana, yaani siku hiyo ilijitahidi. Shangazi akashuka na mashavu yamejaa, kitambaa kimeziba mdomo na pua. Sista mbele na mwavuli kama askari.

"Hakuna kumkumbatia! Hatakiwi kupata hata mafua! Salimieni kwa kupunga!"

Ukoo mzima ukanyoosha mikono juu kama umetekwa na majambazi. Bibi anapiga vigelegele, baba yangu Silvesta, kaka yake shangazi, anafuta machozi kwa kofia.

Na kule nyuma, Ngusa na baiskeli yake.

Shangazi akamuona. Akasikiliza kifua. Du. Du. Du. Vilevile kama alipotazama kibao cha stesheni! Akajipapasa. Wapi. Akawaza, Mungu wangu, mwenye moyo huu hamjui Ngusa.

Ngusa akasogea. "Pude. Nimesikia moyo umebadilika. Kweli?"

Angesema nini? Si kweli?

"Kweli," akasema, macho chini.

"Basi asante kwa kuniambia usoni." Akageuza baiskeli, anaisukuma, hata kupanda hawezi.

Shangazi akakaa juu ya begi lake. Watu wanahesabu mizigo. Dakika tano hivi zikapita. Mara kifuani: du-du-du-du-du!

"Sista, nakufa! Moyo unakimbia!"

Sista akamshika mkono, macho kwenye saa. "Umeona nini?"

"Sijaona kitu! Nimekaa tu!"

"Na kabla ya kukaa?"

"...Ngusa."

Sista akacheka mpaka mwavuli ukadondoka. "Walivyoubadilisha walikata nyaya zake za kutoka kichwani! Moyo wako wa zamani ulikuwa na simu. Huu unapelekewa barua kwa njia ya damu. Ndo imefika sasa hivi!"

"Walivyobadilisha nini?" Bibi kasimama, mikono kiunoni. "Mmembadilishia mjukuu wangu moyo bila kuniuliza?"

"Bibi..."

"Nyamaza! Nitawagombeza nyumbani. Kwanza mrudisheni yule mrefu!"

Baba akapiga mluzi, Ngusa hageuki. Shangazi akainuka na kukimbia. Alikimbia! Mtu wa kupumzika mara nne kwenda kisimani! Moyo ulikuwa umeshapata moto, ukambeba mpaka kwenye njia panda ya reli.

"Ngusa! Haukubadilika, umebadilishwa! Wameutoa wa zamani wakaniwekea mwingine!"

Ngusa akasimama, mdomo wazi. "Na huo mwingine unasemaje?"

"Unakutaka! Ila umechelewa."

"Umechelewa kama nini?"

"Kama treni ya Mpanda!"

Ngusa akacheka, baiskeli ikamwangukia mguuni, akaendelea kucheka.

Wakaoana baada ya mavuno. Ngusa akajifunza kuchemsha maziwa, maana shangazi kakatazwa mabichi, na wenzake wakamtania wee mpaka wakachoka. Na kanisani padre alipouliza, "Pudensiana, unakubali kuolewa na Ngusa?", kabla hajafungua mdomo, bibi kadakia kutoka benchi la mbele:

"Baba Padre, mpe dakika tano!"