Paa Lililofungukia Upande wa Nguo

Kona ya ua wetu hapa La Rochelle, Johannesburg, ni moja tu, na tuliitaka wote wawili. Mimi ni msusi. Niliitaka niweke viti viwili na kioo. Mume wangu Ruphin, anayelinda geti la ghala mjini, aliitaka ajenge kibanda cha kutazamia nyota. Alikuwa amepata darubini ya mtumba, na tangu siku hiyo akawa hasikii, haambiliki.

Tukakubaliana. Ajenge, na Jumamosi anionyeshe kitu ambacho macho yangu peke yake hayawezi kukiona. Akishindwa, viti vyangu vinaingia.

Akajenga kwa mabati ya zamani na mlango wa kabati lililotupwa. Darubini akaisimamisha juu ya ringi ya gari iliyojazwa zege. Paa lilikuwa bati moja la kuinua, linalosimama wima kwenye bawaba. Nililiangalia nikacheka moyoni. Bawaba alizifunga upande wa kaskazini, palipo kamba yangu ya nguo, hivyo bati likisimama litaziba upande huo. Mimi naanika pale kwa sababu jua la Johannesburg, hasa wakati wa baridi, halipiti utosini kama la kwetu Uvira, Kongo. Linainamia upande ule. Na Jupita, sayari aliyoitaka, ilikuwa inang'aa huko huko kila jioni. Yeye aliamini itapanda hadi utosini, kama kwetu. Nikanyamaza. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na zangu zilitaka kona.

Jumamosi jioni mvua ilikuwa imesafisha anga. Ruphin akainua paa, akainama kwenye darubini, akainuka, akainama tena.

"Mama Chloé, siioni," akasema. "Iko nyuma ya bati. Kwetu ingekuwa juu ya kichwa."

Nilikuwa nimeshinda. Lakini mimi niliyesimama nje niliiona vizuri juu ya ukuta wa jirani, nyeupe, imetulia, haimetameti kama nyota nyingine. Kwa nini haimetameti? Swali hilo likanikera. Jioni zote hizo nilikuwa naanua nguo chini yake bila kuiuliza kitu.

"Papa Chloé, leta bisibisi," nikasema. "Hizo bawaba zihamishe upande wa pili, kule kwa choo."

"Eish. Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

Akanitazama, kisha akacheka, na mimi nikaona haya. Nikamshikia tochi mpaka akamaliza.

Akaniacha niangalie kwanza. Niliona duara dogo lenye mistari miwili hafifu, na pembeni yake vinukta vinne vimejipanga.

"Ile ni miezi yake," akasema. Nikavihesabu tena.

Jumapili jioni nilifungua paa mwenyewe, kitenge cha kanisani bado kiunoni. Vinukta vilikuwa vitatu. Nikamwita.

"Mmoja ameenda wapi?"

"Bon, amejificha nyuma ya ile kubwa. Atatokea."

"Atatokea upande gani?"

"Sijui. Sasa viti vyako tuviweke wapi?"

"Jikoni," nikasema. "Na usogee, unanitikisia darubini."