Kabati Lina Mwenyewe

Usiku wa kuamkia leo Nyamizi kaota ndoto, nami nakupa kama alivyonipa, chumvi sitii. Lakini kwanza nikueleze habari ya kabati, maana bila kabati ndoto yenyewe utasema ni ya mtu mwenye homa.

Mimi ni Mama Shija. Nyamizi ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta, hapa Ng'ambo mjini Tabora. Zamani alikuwa na nyumba, sasa ana chumba, na ndani ya chumba lipo kabati la mninga aliloachiwa na shangazi yake. Milango miwili, kioo kirefu katikati, miguu minene kama ya tembo. Limekula nusu ya chumba. Nyamizi akilala, miguu yake huiingiza chini ya kabati, hakuna namna nyingine. Ndipo akasema basi, naliuza. Akaandika kwenye kipande cha boksi, akatundika mlangoni.

Wa kwanza kuja alikuwa Mihambo, fundi wa pampu za visima, mtu wa leo yuko huku kesho yuko kule kwa sababu ya kazi. Ilikuwa vuli. Akalitazama kabati, akafuta kioo kwa mkono wa shati, akajiona, akacheka peke yake. Akapewa chai. Chai ikaisha, mvua ikaanza, ikapikwa nyingine. Wakazungumza hadi Nyamizi akasahau kwamba mgeni alikuja kununua kitu. Wakati wa kuondoka Mihambo akasema, "Dada Nyamizi, niwekee."

Nyamizi akajibu, "Nimekuwekea."

Basi. Namba za simu hawakupeana, maana mtu wa kurudi kesho kutwa unampa namba ya nini?

Mahindi yakapandwa, yakavunwa, yakaliwa. Mihambo hata unyayo.

Kila mnunuzi akija, Nyamizi anasema, "Lina mwenyewe." Wamekuja maharusi wamesema, amekuja mwalimu kasema hadi sauti ikamkauka. Lina mwenyewe. Mimi nikachoka kwa niaba yake. Nikamwambia, "We Nyamizi, arubuni hakukuachia, simu hakukuachia. Unamwekea kabati au unajiweka wewe?" Akacheka. Lakini swali lilimpata penyewe, nilimwona. Kuna jioni alikuwa akisimama mbele ya kile kioo, palepale aliposimama yule bwana, anamtamani. Ameniambia mwenyewe, sikumchungulia.

Jana akashindwa. Alikuja Bwana Kasanda, mwenye gesti kule stesheni, akalitaka kabati kwa chumba chake cha wageni wa heshima. Nyamizi kichwa kilikuwa kinamgonga, paa linavuja, na kungoja nako kunachosha, jamani. Akasema, "Haya. Njoo kesho asubuhi na gari."

Bwana Kasanda akachukua namba ya simu, akaondoka anapiga mluzi. Nyamizi akatoa nguo zake kabatini, akazifunga kwenye shuka, akalala. Miguu chini ya kabati, kama kawaida.

Sasa ndiyo ndoto.

Kabati linakohoa. Linakohoa tena, kama mtu aliyefika mlangoni na hataki kushtua watu.

"Hodi," linasema.

"Karibu," anajibu Nyamizi, maana hata ndotoni adabu anayo.

"Mimi gesti siendi."

"Kwa nini?"

"Nina mwenyewe."

"Nani kasema?"

"Wewe."

Kabati linanyanyua mguu mmoja, linanyanyua wa pili, linajinyoosha mgongo. "Vaa kandambili," linasema, "tukayamalize kwenye mizani." Linatoka mlangoni kwa ubavu, bila kukwaruza hata rangi. Siku ya kuliingiza, vijana wanne walitoa jasho na mmoja akatukana.

Nyamizi anafuata. Nje ilipaswa kuwa ua wetu, na kamba yangu ya nguo, na pipa la maji. Hapana. Nje ni uwanja wa mnada, jua la saa sita, watu wamejaa, vumbi hadi magotini.

Mtu wa kwanza anayemkuta ni mzee muuza sufuria. Amelala kifudifudi katikati ya bidhaa zake, na juu yake amelala bwana mnene, anakoroma.

"Shikamoo, mzee. Umepatwa na nini?"

"Marahaba, mwanangu. Huyu amenilalia kwenye bei."

"Tangu lini?"

"Tangu tulipoanza kupatana. Yeye hataki kupanda, na mimi kushuka siwezi. Kama unavyoona."

Nyamizi anampa pole. Mbele kidogo kuna mwanamume amechuchumaa, na mwanamume mwingine anamruka. Anamruka kwenda huku, anageuka, anamruka kurudi. Shati limelowa jasho chapachapa.

"Ananiruka," anasema aliyechuchumaa. "Tulikubaliana habari ya baiskeli, mbele ya watu. Leo ananiruka."

"Mtu huyu mimi simjui," anasema mrukaji akiwa hewani. Anatua. "Sijawahi kumwona." Anaruka tena.

Kwenye lango la mizani amesimama mlinzi mwembamba, kofia mkononi.

"Samahani, kaka, mizani iko upande gani?"

"Haipungui," anasema mlinzi.

"Nauliza mizani."

"Haipungui."

"Familia haijambo?"

"Haipungui."

Kabati linainama sikioni kwa Nyamizi. "Huyo ni mtu wa kauli moja. Aliulizwa bei ya mbuzi akajibu, hajabadilisha tangu siku hiyo. Mke alivumilia, sasa amerudi kwao." Linasema kwa heshima kubwa, na wanapita.

Mizani imening'inia kwenye nguzo tatu, kama zile za kupimia karanga, ila hii ina uso, na uso wenyewe ni wa muuguzi wa zamu ambaye watu wamemchosha.

"Anayefuata. Bidhaa?"

"Kabati," anasema Nyamizi.

"Simwulizi kabati. Kabati namwona. Kauli ulizotoa ziko wapi? Tema hapa."

Nyamizi anafungua mdomo aseme hajui kutema, na hapohapo neno linamtoka, linaanguka kwenye sinia: Njoo kesho asubuhi na gari. Ni jepesi, limevimba ndani hamna kitu, kama andazi la jana. Mizani haitikisiki.

"Lingine."

"Hakuna lingine."

"Mama, foleni ni ndefu. Lingine."

La pili linatoka kwa shida. Linamkwama kooni, Nyamizi anashika nguzo, machozi yanamtoka. Likianguka, sinia linagonga chini na mizani yote inalia. Nimekuwekea. Ukubwa wake ni wa kinu cha kutwangia, na bado lina joto.

Uso wa mizani unabadilika kidogo. "Hili umelibeba tangu lini?"

"Tangu vuli."

"Na nani?"

"Peke yangu."

"Lina ufa," inasema mizani. "Ufa wa jana, bado mbichi. Jana lilikuponyoka, ukaliokota?"

Nyamizi anakumbuka mluzi wa Bwana Kasanda.

"Haya. Na la mwenzako? Yeye alisema nini?"

"Alisema niwekee. Akasema atarudi."

Mizani inapekua hewani kwa vidole ambavyo haina. "Niwekee ninaliona. Kurudi silioni."

"Alisema!" Nyamizi anapandisha sauti, hata mrukaji anasimama kusikiliza. "Mwulize kabati, alikuwepo."

Kabati linageuka polepole, linaonyesha kioo chake. Na ndani ya kioo ni vuli. Mvua inanyesha. Mihambo anafuta kioo kwa mkono wa shati, kwa ndani sasa, yaani anamfuta Nyamizi usoni. Anacheka. Ana pengo dogo ambalo Nyamizi alikuwa amelisahau, na kulisahau kule kunamuuma kuliko yote. Nyamizi anaweka kiganja kwenye kioo. Ni baridi tu. Mihambo anakunywa chai, anakunywa nyingine, anasimama, anavaa kofia. "Dada Nyamizi, niwekee." Anatoka. Nyamizi anamkodolea macho mdomoni, anangoja. Mdomo wa Mihambo haufunguki tena. Mgongo unaingia mvuani, unaisha.

"Umeona," inasema mizani, si kwa ukali. "La kurudi ulilisema wewe moyoni, ukalisikia kwa sauti yake."

Nyamizi analia sasa kwa kwikwi, mbele ya watu wasiomjua, na hajali. "Kwa hiyo nimdai nani?"

"Hapana wa kumdai. Kuweka umeweka wewe. Sasa sikiliza, maana nina watu. Kabati moja, kauli mbili. Moja utaiacha hapa. Ukiiacha, yule uliyempa ataisahau, hatakuja kukudai. Ukiliacha hili jepesi, mwenye gesti atasahau. Ukiliacha zito, fundi wa pampu atasahau, nawe utarudi nyumbani unatembea kama binti. Ushauri wangu nikupe?"

"Nipe."

"Acha zito. Mgongo ni wako."

Nyamizi anatazama nyuma ya mizani. Kuna rundo la maneno yaliyoachwa, kubwa kama kichuguu, na linanong'ona lenyewe: nitakuletea Ijumaa, hiki ni cha kwako, siwezi kumpa mwingine, subiri kidogo tu. Sauti za wanaume, za wanawake. Anataka kwenda kulipekua, asikie kama mle ndani ipo ya Mihambo.

"Usipekue," inasema mizani. "Waliopekua hawajaondoka. Wale pale."

Kweli, wako pale, wamechuchumaa, masikio yamebandikwa kwenye rundo.

Basi Nyamizi anaokota lile jepesi, anafuta vumbi kwa upande wa khanga, analitupa kwenye rundo. Halitoi hata kishindo. Kisha anainama, anakumbatia lile zito, anajikusanya, anainua. Kabati linataka kumsaidia. "Acha," anasema, "nimezoea."

"Haipungui!" anapiga kelele mlinzi wa lango, na safari hii anafuta machozi.

Simu ndiyo iliyomwamsha Nyamizi. Kumeshakucha, mwanga umejaa chumbani, kabati liko mahali pake limenyamaza kama mbao. Akapokea. Alikuwa Bwana Kasanda, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye aibu.

"Dada, za asubuhi. Samahani sana. Hivi jana mimi na wewe tulizungumza nini?"

"Kwa nini unauliza?"

"Nimeamka, hapa nje kuna kigari cha mizigo, kirikuu. Dereva anasema nimemkodi mwenyewe, tubebe mzigo. Ananiuliza twende wapi, dada, na mimi sijui. Nimekaa naye hapa tangu alfajiri tunatazamana. Nakumbuka nilipita kwako tu, baada ya hapo giza."

Nyamizi akakaa kitandani. Hapa ndipo mimi ningesema, hatukuzungumza kitu, baba, pumzika, nikaenda kunywa uji wangu. Mungu mwenyewe ameshafuta, wewe unaandika upya kwa faida ya nani? Lakini Nyamizi si mimi.

"Ulikuja kutaka kabati," akasema, "na mimi nikakwambia uje na gari. Nilikosea, Bwana Kasanda. Lina mwenyewe. Hasara ya gari ni juu yangu."

"Kabati?" akasema Bwana Kasanda. "Kabati gani?"

Hapo Nyamizi akanijia mbio, hajanawa uso, akanimwagia ndoto yote mlangoni nikiwa na mwiko mkononi. Nikacheka, nikaogopa, nikacheka tena. Nikamwambia, "Sasa si ushukuru? Umepona. Mwenye gesti kasahau, kabati unalo, neno lako unalo."

Akanitazama, na furaha sikuiona.

"Mama Shija," akasema, "jana mchana lile neno liliniponyoka. Kitambo kidogo tu, tangu nilipomwambia Kasanda njoo mpaka nilipolala. Na likiponyoka, aliyepewa anasahau."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo, kama jana mchana ndiyo alikuwa njiani anakuja?"

Nilitaka kumwambia kwamba mtu aliyekaa tangu vuli hadi leo hawezi kuchagua jana, jana hiyohiyo, kuja. Lakini ningejuaje? Yeye alikuwa ameshaona katika akili yake: Mihambo kando ya gari la kukodi, mahali fulani kwenye njia panda, kofia mkononi, dereva anamuuliza twende wapi, naye anatazama huku na huku.

"Nyamizi, ingia unywe uji kwanza."

Hakunisikia. Alijitanda khanga, akatoka na zile kandambili mpaka barabara kuu. Nikamfuata kwa macho. Pale kituo cha mafuta palikuwa na lori limeegeshwa. Nikamwona anaukaribia mlango, anainuka kwa vidole vya miguu afike dirishani, na kwa kuwa sauti yake hufika mbali, nilimsikia.

"Kaka, samahani. Wewe unajua unakokwenda?"