Vifungo kwenye Pindo

Mama Pacha alifika kliniki ya watoto asubuhi, akakaa kwenye benchi la mbao karibu na mlango, mtoto mmoja kila paja. Nesi alikuwa akipita na utepe wa rangi tatu, akiuzungusha kwenye mkono wa kila mtoto kupima unene wake. Utepe ukisimama kwenye kijani, mama huchukua mkoba wake akaenda zake. Ukisimama kwenye njano, huambiwa arudi wiki ijayo. Mikono ya pacha wale wawili ilisimama kwenye nyekundu, na Nesi akaandika bila kuinua macho, kwa kuwa alishindwa kumtazama mama yao usoni.

Mama Pacha alikuwa fundi cherehani, na kwa kawaida mdomo wake haukuwa na breki. Mteja aliyeleta suruali kufupishwa aliondoka kibarazani kwake na suruali fupi pamoja na habari za mtaa mzima. Asubuhi hiyo hakuwa na la kusema. Wanawe walikuwa hawajatimiza mwaka. Kwenye vyeti walikuwa na majina yao, lakini mtaani waliitwa Kelele na Kimya, na hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini. Kelele, wa kike, alililia kila kitu. Kimya, wa kiume, alikitazama kila kitu kama mtu atakayekuja kuulizwa baadaye.

Ndipo Daktari alipoingia na habari njema. Alikuwa mwanamke mrefu, mkuu wa utafiti mpya, na habari yenyewe ilikuwa imemjaa hata akashindwa kukaa. Ndani ya tumbo la mtoto, alisema, mnaishi vijidudu vyema visivyoonekana kwa macho. Mtoto akidhoofika, navyo hudhoofika, na hapo chakula hupita tu bila kumjenga. Yeye na wenzake walikuwa wametengeneza chakula cha kuvilisha vijidudu kwanza, ili navyo vimjenge mtoto.

"Kwa hiyo tunalisha wapangaji kabla ya mwenye nyumba?" aliuliza bibi mmoja wa benchi la nyuma.

"Ndiyo, bibi! Hasa!" Daktari alipiga makofi. "Umeeleza vizuri kuliko mimi."

Watoto walipigiwa kura na kompyuta. Nusu yao wangepewa chakula kipya, kilichofungwa kwenye pakiti ya buluu, na nusu wangepewa unga wa uji uleule wa siku zote, ili ijulikane kipi ni bora. Kelele aliangukia pakiti. Kimya aliangukia uji.

"Daktari," alisema Mama Pacha, "hawa walikaa tumbo moja."

"Ndiyo maana wanafaa sana kwa utafiti, mama." Alisema hivyo kwa upole wa kweli, akamshika Kimya kidole. "Ila nakuomba, usigawe. Ukigawa hatutajua kipi kimefanya kazi. Anayegawa itabidi tumtoe, yeye na watoto wake."

Mama Pacha akakubali. Angekataa, wote wawili wangerudi nyumbani mikono mitupu.

Kelele alikula pakiti zake kwa fujo, akapaka nyingine kwenye nyusi. Mashavu yakajaa. Kisha asubuhi moja Mama Pacha alimlaza kwenye mkeka uani, akageuka kukamua shuka, na alipogeuka tena akamkuta mtoto yuko juu ya ndoo, usawa wa kamba ya nguo, ameshika kibanio na kucheka. Mama yake akamshusha, akamnyang'anya kibanio, akaanika shuka.

Jioni mume wake, fundi wa kuchomelea vyuma, alirudi kutoka kazini na kumkuta binti yake amejibanza kwenye dari. Akavua viatu, akamtazama kwa muda.

"Ile misumari ya bati itamkwaruza," alisema. Akaleta nyundo, akapanda kwenye stuli, akaikunja mmoja mmoja huku binti yake akimvuta nywele kutoka juu. Mama Pacha alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Alikuwa hajacheka hivyo tangu siku ya utepe mwekundu, na furaha yenyewe aliogopa hata kuitaja.

Kliniki, Nesi alimvuta Kelele kwa unyayo, akampima hewani. Kijani. Daktari alikuja mbio kutoka chumba cha pili kujionea mwenyewe.

"Na huku kuelea?" Mama Pacha aliuliza.

"Kuelea hakumo kwenye maswali ya utafiti," alisema Daktari, macho yakimng'aa. "Lakini naona hakumsumbui."

Hakukumsumbua. Aliyesumbuka alikuwa Kimya. Siku nzima alilala chali kwenye mkeka na uji wake tumboni, akimtazama dada yake kule darini. Wakati mwingine aliinua mikono. Kelele naye alinyoosha yake kuelekea chini, vidole vikafunguka na kufumba, na kati yao kulikuwa na hewa tupu ya chumba kizima. Kimya hakulia. Angelia, huenda mama yake angevumilia. Ila alishusha mikono polepole, akaiweka kifuani kama mzee aliyemaliza shauri lake, na hapo Mama Pacha akasimama, akachukua pakiti ya buluu, akaikamua nusu kwa nusu kwenye visahani viwili. Hakuomba ushauri wa mtu. Mume wake aliona, akatoka nje kutafuta kitu ambacho hakikuwa kimepotea.

Baada ya siku kadhaa Kelele aliteremka hadi usawa wa meza, na Kimya akapanda hadi usawa uleule. Walipokutana walishikana masikio na kugongana paji la uso. Mama Pacha alikaa sakafuni chini yao akalia kwa raha, bila kujifuta.

Ikabaki hofu ya kliniki. Mtoto wa uji hakupaswa kuelea, hilo lilijulikana hata bila kuandikwa. Mama Pacha akafungua kopo lake la vifungo, akachagua vile vizito vya shaba vilivyotoka kwenye makoti ya zamani, akavishonea ndani ya pindo la shati la Kimya, kimoja baada ya kingine, mpaka mtoto akatua kwenye mkeka na kukaa. Shati lilipendeza. Ukilitikisa, liligongagonga kidogo.

Siku ya kupimwa alikaa upande wa uji, macho makavu, kisha akaangalia wenzake. Kulia kwake kulikuwa na mtoto aliyevalishwa koti la baridi, na jua lilikuwa linachoma. Kushoto kulikuwa na mwingine mwenye mifuko iliyojaa kokoto. Mbele yake mama mmoja alikuwa amemfunga wake kwa mbeleko mara mbili, na bado mbeleko ilimvuta begani kwenda juu. Wanawake wote wa benchi lile waliitazama saa ya ukutani na kujitia hamnazo. Nesi alipima mkono baada ya mkono. Alipomgusa Kimya na shati likagonga, alilishika tu lisigonge tena.

"Kijani," alisema, akaandika.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda kwa kasi. Wifi yake Mama Pacha, aliyekaa nyumba ya pili, alikuwa na mtoto ambaye utepe wake ulisimama kwenye njano. Huyo hakuingizwa kwenye utafiti, kwa kuwa hakuwa amedhoofika vya kutosha.

"Wifi," alisema, akiwa mlangoni na mtoto mgongoni, "mimi sikuombi. Nimekuja kutazama tu."

"Tazama na kijiko basi," alisema Mama Pacha.

Wakagawa kwa tatu. Jirani wa nyumba ya tatu naye akaja kutazama. Akina mama wengine wa pakiti walikuwa tayari wanafanya vivyo hivyo kwenye vichochoro vyao, na kadiri vijiko vilivyoongezeka ndivyo watoto walivyoelea chini zaidi: kutoka mezani hadi magotini, kutoka magotini hadi usawa wa kifundo cha mguu. Hapo wakatulia, na mtaa ukawa mzuri ajabu. Watoto walipita juu ya madimbwi bila kulowa. Walivuka vioo vilivyovunjika, misumari, na mtaro uliokuwa wazi tangu mvua za nyuma. Kuharisha kukapungua. Fundi viatu alikuja kibarazani kulalamika kwamba soli za viatu vya watoto haziishi tena, na alipokuwa akilalamika mjukuu wake mwenyewe alipita mbele yake akielea, naye akasahau alichotaka kusema, akabaki anacheka.

Mama Pacha alishona mapindo ya mtaa mzima. Sasa hakushona kwa kuficha, alishona ili upepo wa alasiri usiwasukume watoto hadi barabarani. Vifungo vilimwishia, akaanza kununua. Mdomo ulirudi kazini. Alimweleza kila mteja kuhusu vijidudu vyema vya tumboni, vinakula nini na vinachukia nini, akipunga mkasi hewani, na watu waliacha suruali zao wakasikiliza. Usiku alilala usingizi mzito, wanawe wakielea juu ya mkeka kando yake, shuka likiwa limechomekwa pembeni wasihame.

Siku ya matokeo, miezi kadhaa baadaye, ukumbi wa kliniki ulijaa. Akina mama wa pakiti walikaa upande mmoja, wa uji upande wa pili, na watoto walielea pande zote mbili, usawa mmoja, kama maji kwenye beseni. Hakuna aliyevaa koti. Daktari alipanda jukwaani, na alikuwa na furaha.

"Watoto wenu wote wamefika kijani," alisema, na ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Akasubiri vitulie. "Makundi yote mawili. Hakuna tofauti hata kidogo kati ya pakiti na uji. Utafiti wetu umekwenda vizuri sana, na nawashukuru kwa kufuata masharti. Jibu lake ni kwamba chakula kipya hakina faida kubwa kuliko uji. Kwa hiyo hakitaendelea."

Nje, wanaume wawili walikuwa wanapakia maboksi ya buluu kwenye gari.

Mama Pacha alisimama. Alikuwa anatabasamu, kwa sababu alijua jambo ambalo Daktari angelifurahia.

"Daktari, kinafanya kazi! Kinafanya kazi sana. Sisi tuligawa."

"Hata mimi niligawa," alisema wifi yake, aliyekuja kusindikiza.

"Na mimi." "Na mimi hapa." Mabenchi yakalia, wanawake wakasimama mmoja baada ya mwingine, wengine wakiwainua watoto wao juu zaidi waonekane. Mwisho akasimama Nesi, aliyekuwa pembeni na utepe wake.

"Wangu yuko nyumbani," alisema. "Anaelea hapa." Akaonyesha kifundo cha mguu.

Daktari hakukasirika. Mtoto mmoja alikuwa amepeperuka hadi mbele yake, naye akamdaka, akamweka begani.

"Najua, mama," alimwambia Mama Pacha. "Nina macho. Lakini sikiliza. Nikiandika kwamba mligawa, itabidi niwafute nyote. Nikiwafuta nyote, hakuna utafiti. Pasipo utafiti, hakuna atakayetoa fedha za kutengeneza chakula."

"Na usipoandika?"

"Utafiti upo."

"Na chakula?"

Daktari alimpapasa yule mtoto mgongoni.

"Chakula hakipo," alisema. Kisha akawaalika wote wachukue zawadi mlangoni: sabuni na fulana yenye picha ya mtoto anayecheka.

Watoto waliteremka taratibu. Kila baada ya siku chache Mama Pacha alifumua kifungo kimoja kwenye pindo la Kelele na kimoja kwenye la Kimya, ili wabaki pale walipo. Majirani nao walileta mashati yafumuliwe. Kopo lilijaa, akatafuta kopo jingine. Kisha siku ikafika mapindo yote ya mtaa yakawa matupu, na fundi viatu akapata wateja wake wa kwanza tangu watoto waanze kuelea. Hakuwafurahia.

Nesi alipita kibarazani akitoka kazini. Alitoa kwenye mkoba pakiti moja ya buluu, iliyodondoka nyuma ya kabati wakati wa kuhamisha maboksi.

"Nilitaka kumpa wangu," alisema. "Nikaona siwezi."

Walikusanya watoto wote kibarazani, kati ya cherehani na ukuta. Kila mmoja alipata ncha ya kijiko, akalamba, akarudi mwisho wa mstari akitarajia nyingine, akanyimwa, akalia. Kelele ndiye aliyelia zaidi. Wakasubiri mpaka alasiri. Kwa macho hukuona kitu, watoto walisimama sakafuni kama watoto wengine, wamejishikilia kwenye miguu ya meza. Lakini Mama Pacha alikata uzi mrefu, akapiga magoti, akaushika ncha zote mbili na kuupitisha chini ya nyayo za Kimya. Uzi ulipita. Akaupitisha chini ya Kelele, ukapita. Wifi yake alipiga ukelele wa furaha, Nesi akamkumbatia mtu aliyekuwa karibu, na wakaupitisha ule uzi chini ya kila mtoto wa mtaa, mmoja mmoja, wakicheka na kusukumana kama wasichana, na ulipita kote.

Kesho yake asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza, Mama Pacha aliwasimamisha wanawe ukutani. Mkono wa Kimya ulikuwa mwembamba kuliko juzi, au ndivyo alivyouona. Alipiga magoti, akaupitisha uzi chini ya unyayo wake. Ukakwama.

Alijaribu kwa upande wa pili, kisha akauachia. Akauokota, akauingiza kwenye sindano ya cherehani, akaanza kushona suruali ya mteja.