Lenzi Inayopenda Masikio

Mama mkwe wangu hakupandisha sauti. Angepandisha, ningejua pa kujificha. Alikaa kwenye kiti cha wateja katika chumba chetu cha mbele, ambacho nusu yake ni ya cherehani ya mke wangu na nusu ni studio yangu, akazipitia picha nilizopiga siku ile familia yao na ya mchumba wa shemeji yangu zilipokutana, moja moja, kama mwalimu anayesahihisha mtihani wa mtoto ambaye amekwisha mkatia tamaa.

"Mkwe," akasema, "hili sikio la nani?"

"Lako, mama."

"Zuri. Naona mpaka tundu la hereni. Na huyu mwenye ukungu mbele ya sikio ni nani?"

"Ni... wewe pia, mama."

Picha arobaini. Katika kila moja masikio yalikuwa makali kama wembe, na macho yalikuwa kama yamepigwa kupitia kioo cha bafu. Mke wangu aliinamia cherehani, lakini nilimwona mabega. Mwanamke anayeshona hatikisiki mabega namna ile.

"Lenzi ndiyo mbovu, mama," nikasema. "Inatafuta shabaha yenyewe, sasa imeanza kukosea."

"Mchagua jembe si mkulima," akasema mama mkwe. Kisha akanipa hukumu yangu. Mwanawe wa mwisho, shemeji yangu, alikuwa anaolewa Jumamosi ya wiki iliyofuata. Yeye mama angekuja Alhamisi, siku mbili kabla, kujaribu gauni lake la harusi hiyo. "Utanipiga picha moja. Nikiona macho yangu, harusi ni yako. Nikiona masikio, nampigia simu yule wa studio ya ghorofani. Haya, Bwana Masikio, siku njema."

Jina likashika hapo hapo. Kufika jioni hata muuza mkaa alikuwa nalo.

Sasa nieleweni. Nilikuwa nimekwisha jitangaza. Ukoo mzima wa mke wangu ulijua kwamba mpiga picha wa harusi ni mimi, kwa sababu niliwaambia mmoja mmoja, na waliosahau nikawarudia. Wa ghorofani akichukua kazi, mimi ningekaa na wageni, nimevaa suti, nikimpisha mpinzani wangu apite na ngazi yake. Na mama mkwe angenionyesha kwa watu: yule ndiye mkwe wangu, ana kamera lakini imelala.

Fundi wa lenzi yupo mji mwingine, na bei yake ni ya watu wenye studio ghorofani. Nikaamua kuipima mwenyewe nyumbani.

Hesabu yake si ngumu. Unalaza rula mshazari, unasimamisha kadi yenye mistari myeusi pembeni ya namba ya katikati, unaiambia kamera ilenge kadi, unapiga. Ukikuza picha unaona ni namba zipi zilizotoka wazi. Zikiwa nyuma ya kadi, lenzi inalenga mbali. Zikiwa mbele, inalenga karibu. Kisha ndani ya menyu ya kamera kuna mahali pa kuisogeza, mbele au nyuma, kidogo kidogo.

Rula sikuwa nayo. Nikachukua futikamba ya mke wangu, nikaibana kwa pini juu ya meza ya kupigia pasi, upande mmoja nimeuinua kwa makopo mawili ya maziwa. Kadi ilikuwa jalada la daftari. Kamera niliiweka juu ya stendi yake ya miguu mitatu, mguu mmoja umefungwa gundi, nikaiwekea ijipige yenyewe baada ya sekunde mbili ili mkono wangu usiiguse.

Jumatatu namba zote zilitoka na ukungu. Nikamlaani aliyeniuzia lenzi, na babu yake. Mke wangu akanyoosha mkono, akazima feni. Futikamba ikaacha kupepea.

Jumanne namba zilitoka wazi: kadi ilikuwa kwenye hamsini, na uwazi ulianzia arobaini na tisa ukaishia hamsini na moja. Maana yake, lenzi haikuwa na kosa hata la unywele.

"Basi, lenzi ni nzima," akasema mke wangu.

"Haiwezekani."

"Futikamba yangu haijawahi kudanganya mtu. Inadanganywa na wateja wanaovuta tumbo ndani."

Nikapima tena. Nikapima mara kumi na moja. Jumatano, kwa kukosa la kufanya, nikaivua lenzi, nikasugua vile vyuma vidogo vya nyuma kwa kifutio cha penseli, nikairudisha. Kisha nikataka kujaribu kwa mkono, kwenye kitu chenye sura. Mke wangu ana sanamu la kupimia nguo, lakini halina kichwa. Nikalivika sufuria, sufuria nikaiviringisha kitambaa cheupe, macho nikashonea vifungo viwili vya koti, na mikono ya sufuria nikaiacha nje iwe masikio. Nikapiga picha ishirini. Vifungo vikatoka wazi mpaka uzi ukahesabika.

"Imepona!" nikapiga kelele. "Ilikuwa uchafu! Mke wangu, mumeo ni fundi!"

"Hongera," akasema. "Sasa nirudishie sufuria, watu wanataka kula."

Alhamisi mama mkwe akafika saa nne. Akavaa gauni, la zambarau, akajigeuza mbele ya kioo, akalikubali kwa kuguna. Kisha akakaa kwenye kiti, mgongo umenyooka.

"Haya, Bwana Masikio."

Nikaweka kamera usoni. Nikalenga jicho la kulia, kamera ikalia *pip* kwamba imeshika, nikasema, "Haya mama, tabasamu kidogo," nikapiga. Nikaikuza picha hapo hapo.

Hereni. Nzuri sana ile hereni. Ningeweza kuiuza kwa ile picha.

Mama mkwe alikuwa amekwisha toa simu kwenye mkoba na kuvaa miwani.

"Mama, subiri," akasema mke wangu. Alikuwa ameacha cherehani, mdomoni ana pini mbili, akinitazama ubavuni kama anavyotazama suruali iliyopinda mshono. "Wewe, kwa nini umemwinamia?"

"Nani kainama?"

"Wewe. Ukishalenga, unasema 'haya mama', unainama. Vidole vinne vizima. Kamera yote inakwenda mbele. Si unalenga jicho ukiwa hapa, halafu unapiga ukiwa hapa?" Akaonyesha kwa futikamba. "Vidole vinne nyuma ya jicho kuna nini?"

Mama mkwe alijigusa sikio.

Nilifundishwa kazi na mzee mwenye studio aliyekuwa na kiganja kizito. Kila mteja alipokaa, mimi nilisimama wima, na kila niliposimama wima nilikula kofi la kisogo. "Mteja huinamiwa!" Miaka mitatu ya makofi. Kamera zake zilikuwa za aina ambayo kila kitu hutoka wazi, toka pua hadi ukuta, kwa hiyo ungeweza hata kusujudu. Sasa nina lenzi inayoona upana wa vidole viwili tu, na heshima yangu ina vinne. Sanamu nilikuwa silisalimu. Nani anaiinamia sufuria?

"Piga usiiname," akasema mke wangu.

Nikajaribu. Nikalenga, nikasema "haya mama", na kisogo kikakumbuka. Nikainama.

"Toba," akasema mama mkwe.

Mke wangu akatema pini, akapita nyuma yangu, akanishika mkanda wa suruali kwa mikono miwili, akaegemea nyuma kama mtu anayezuia mbuzi asiingie shambani.

"Sasa."

Nikalenga. *Pip*. "Haya mama, taba..." Mwili ukaenda, mkanda ukakataa, kitufe kikabonyea.

Mama mkwe akainyakua kamera kabla sijaiona mimi. Akakuza. Akaisogeza karibu na miwani, na mimi bado nimeshikwa nyuma.

"Nina kope nyingi hivi?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Sikujua." Akavua miwani, akairudisha simu kwenye mkoba. "Keshokutwa Jumamosi, saa tatu, usichelewe. Na wewe mwanangu," akamwambia mke wangu, "jishonee gauni lenye nafasi mabegani. Utakuwa na kazi ya kuvuta kutwa nzima."